Buriani ya Fontainebleau: Chuo cha Biashara Alichokiasisi Jenerali

Mji wa Fontainebleau uko yapata kilomita 60 kusini-mashariki ya Paris, nchini Ufaransa. Ni mji mdogo uliozungukwa na msitu mkubwa, na ndani yake limesimama kasri la wafalme wa zamani. Mbele ya kasri hilo upo uwanja mpana, na mwisho wa uwanja ziko ngazi mbili za mawe zilizopinda mfano wa chuma cha kwato za farasi. Wenyeji huuita Uwanja wa Buriani.

Jina hilo lina asili ya kijeshi. Tarehe 20 Aprili 1814, baada ya majeshi ya maadui kuingia Paris na yeye mwenyewe kulazimika kuachia enzi, Napoleon Bonaparte alishuka ngazi hizo kuwaaga askari wa Kikosi cha Walinzi waliopigana pamoja naye miaka mingi. Alimkumbatia jenerali wao, akaibusu bendera, kisha akapanda gari la farasi kuanza safari ya uhamishoni katika kisiwa cha Elba.

Katika mji huo huo kipo chuo cha biashara cha kimataifa kiitwacho INSEAD. Kila mwaka, mwezi wa Julai na tena mwezi wa Desemba, mamia ya vijana kutoka kila pembe ya dunia huhitimu hapo shahada ya uzamili ya usimamizi wa biashara, wakaagana, wakatawanyika. Makala hii yataka kueleza chuo hicho ni cha namna gani, kiliasisiwa kwa sababu gani, na jinsi wanafunzi wake wanavyoachana. Sisi tunaokula mishahara ya serikali, tunaohamishwa leo huku na kesho kule kwa barua ya mistari mitatu, tunayo sababu ya kulisikiliza jambo hili.

JENERALI ALIYEKUWA MWALIMU

Mwasisi wa chuo hicho alikuwa Georges Doriot. Alizaliwa Paris mwaka 1899, na katika Vita Kuu ya Kwanza alilitumikia jeshi la Ufaransa katika kikosi cha mizinga. Mwaka 1921 alivuka bahari kwenda Marekani kusoma, akabaki huko. Akawa mwalimu katika chuo cha biashara cha Harvard, na alifundisha hapo mpaka alipostaafu mwaka 1966. Somo lake liliitwa kwa jina la uzalishaji viwandani, lakini kwa hakika alifundisha jinsi mtu anavyopaswa kufikiri, kupanga kazi, kuongoza wenzake na kuutunza muda wake.

Vita Kuu ya Pili ilipokaribia, Doriot alikuwa amekwisha kuwa raia wa Marekani, na jeshi la nchi hiyo likamwita. Hakupewa kikosi cha kwenda kupigana. Alipewa kazi ya kutafiti na kupanga mahitaji ya askari katika idara ya ugavi: viatu visivyopenya maji, mavazi ya nchi za baridi kali, chakula kisichoharibika upesi. Watu wake walishughulika pia na kinga ya mwili iliyotengenezwa kwa nyuzi za kioo na plastiki, nayo ikaitwa Doron kutokana na jina lake. Msomaji aliyewahi kwenda doria na buti lililopasuka hahitaji kuelezwa umuhimu wa kazi hiyo. Doriot alimaliza vita akiwa brigedia jenerali, na tangu hapo hata wanafunzi wake raia walimwita Jenerali.

Mwaka 1946 alianza kuongoza kampuni iliyokusanya mitaji na kuitia katika shughuli changa za watu wenye maarifa wasio na fedha. Mwaka 1957 kampuni hiyo iliwapa wahandisi wawili dola 70,000 waanzishe kiwanda cha mashine za kompyuta, na mtaji huo ukaja kuzaa mamilioni mengi ya dola. Doriot alipenda kuwapima watu kabla ya kupima wazo lao. Aliamini kwamba mtu hodari mwenye wazo la kadiri ni bora kuliko mtu wa kadiri mwenye wazo zuri.

MAADUI WA JANA DARASA MOJA

Mwaka huo huo wa 1957, mwezi Machi, nchi sita za Ulaya zilitia sahihi Mkataba wa Roma wa kuanzisha soko la pamoja. Miongoni mwao zilikuwamo Ufaransa na Ujerumani ya Magharibi, nchi zilizokuwa zimepigana vita mara tatu katika muda usiozidi miaka 75. Doriot aliona kwamba soko la pamoja haliwezi kusimama kwa karatasi peke yake. Lilihitaji watu waliojuana, waliosoma pamoja, na wanaoweza kupigiana simu pasipo mkalimani wala hofu. Akisaidiwa na Chemba ya Biashara ya Paris na vijana wawili waliopata kusoma Harvard, Claude Janssen na Olivier Giscard d'Estaing, aliasisi chuo.

Darasa la kwanza lilianza Septemba 1959, katika sehemu ya kasri lile lile la Fontainebleau. Vita vilikuwa vimekwisha miaka 14 tu. Kijana wa Kijerumani na kijana wa Kifaransa waliokaa benchi moja walikuwa watoto wakati mabomu yalipokuwa yakianguka, na pengine baba zao walikuwa wamelengana bunduki. Chuo kiliwataka wanafunzi wajue lugha tatu, yaani Kifaransa, Kiingereza na Kijerumani, ili asiwepo taifa la kulazimisha wengine wote waseme kama yeye.

Fontainebleau yenyewe wakati huo ilikuwa mji wa askari. Makao makuu ya majeshi ya NATO kwa eneo la Ulaya ya Kati yalikuwa hapo, mpaka yalipohamishwa mwaka 1967 baada ya Ufaransa kujitoa katika uongozi wa kijeshi wa umoja huo. Mwaka huo huo wa 1967 chuo kilihama kasrini kwenda kwenye majengo yake mapya kando ya msitu, na ndipo kilipoanza kuwapokea wanafunzi wanawake.

Tangu hapo chuo kimekua. Mwaka 2000 kilifungua tawi Singapore, na baadaye kingine Abu Dhabi. Lugha ya kufundishia sasa ni Kiingereza, na katika darasa la mwaka mmoja huwamo watu wa mataifa zaidi ya 70, pasiwepo taifa moja lenye wingi wa kuwatawala wengine. Miongoni mwao wamo wahandisi, madaktari, wanasheria, na hata maafisa waliotoka jeshini wakataka kujifunza kazi za kiraia.

KUNDI LISILOCHAGULIWA

Masomo ya INSEAD huchukua miezi kumi tu, wakati vyuo vingi vya Marekani hutumia miaka miwili kwa shahada ya aina hiyo. Mwaka umegawanywa vipindi vitano vya majuma manane hivi. Mwanafunzi husoma uhasibu, fedha, masoko, uchumi na uongozi kwa mwendo wa haraka, na mara nyingi husoma kwa njia ya visa. Maana yake ni kwamba hupewa maelezo ya kampuni halisi iliyokuwa na tatizo halisi, kisha huulizwa: ungekuwa wewe ndiye mkuu, ungefanya nini kesho asubuhi?

Jambo la kushika zaidi ni lile la makundi ya masomo. Siku za mwanzo kila mwanafunzi huwekwa katika kundi la watu watano au sita, na kundi hilo hubaki hivyo hivyo kwa vipindi viwili vya kwanza. Hawachagui wenyewe. Chuo huwachanganya kwa makusudi: mhandisi pamoja na mwanasheria, mtu wa Asia na mtu wa Ulaya na mtu wa Amerika ya Kusini, msemaji mwingi na mkimya. Kazi nyingi hupimwa kwa kundi zima, hata anayemchukia mwenzake alazimika kukaa naye usiku wa manane mpaka hesabu zitimie.

Sisi tuliosomea ualimu twajua kwamba mtoto hufunzwa na mwalimu mchana na wenzake jioni. Hapo ndipo lilipo fundisho kubwa la chuo hiki. Mtu aliyezoea kuamuru hukuta kwamba mwenzake wa Japani hasemi mpaka aulizwe, na kwamba akisha kuulizwa, jibu lake ndilo sahihi. Mtu aliyezoea kwenda moja kwa moja kwenye jambo hukuta mwenzake wa Lebanoni hawezi kuanza kazi kabla ya kuulizana hali. Kwa majuma ya kwanza huumizana, baadaye hujifunza. Askari waliopitia kozi pamoja na maafisa wa nchi jirani watalitambua jambo hilo mara moja, kwa kuwa bwenini hakuna anayechaguliwa jirani wa kitanda.

NYUMBA ZA VIJIJINI

Wanafunzi wengi wa Fontainebleau hupanga nyumba kubwa za zamani mjini au katika vijiji vya kandokando, wakaishi wanne, sita, hata wanane pamoja. Hugawana kodi, kuni za kuotea moto, gari moja lililochakaa na zamu za kupika. Mbrazili huonja mchuzi wa Mhindi, na Mnijeria hushangaa kuona Mswisi akiandika kila senti iliyotumika sokoni. Husemwa mali bila daftari hupotea bila habari. Na katika nyumba ya watu wa mataifa sita, daftari hilo la jikoni huokoa urafiki.

Upo pia utaratibu wa juma la taifa. Wanafunzi wa nchi au eneo moja huchukua juma zima kuwaonyesha wenzao chakula chao, ngoma zao, mavazi yao na mizaha yao. Mtu mzima aliyekuwa meneja wa benki huonekana amejifunga kitambaa kichwani akihudumia wenzake chakula. Jambo hilo laweza kuonekana kama mchezo, lakini linaponya kiburi.

SIKU ZA MWISHO

Huko Fontainebleau kuachana huanza kabla ya mahafali. Baada ya vipindi vya kwanza, wanafunzi wengi hubadilishana kati ya Ufaransa na Singapore. Aliyekuwa jirani wa mezani Fontainebleau aweza kuondoka na mizigo yake katikati ya mwaka, mkaonana tena siku ya mahafali tu, au msionane kabisa. Wapo wanaosema kwamba miezi ile kumi ni kama kukaa kituo cha basi: kila siku kuna anayeinua sanduku.

Majuma ya mwisho huwa na pilikapilika za nyumbani. Magari yaliyochakaa huuzwa kwa wanaokuja nyuma. Masufuria, magodoro, baiskeli na taa za mezani hubadilisha wenyewe. Mwenye nyumba huja kukagua kama ukuta umechafuliwa, na amana hurudishwa au hukatwa. Bili ya umeme ya mwezi wa mwisho hufika wakati nusu ya wakaazi wamekwisha ondoka, na hapo ndipo mtu mwaminifu anapojulikana. Wengi wamekaa vizuri mwaka mzima, wakaja kugombana juu ya yuro 40 za gesi.

Kisha huja siku yenyewe. Wazazi hufika kutoka mbali, wengine mara yao ya kwanza kupanda ndege. Majina husomwa moja moja, na msomaji wa majina hupata kazi ngumu, kwa kuwa kila jina lina lugha yake. Picha hupigwa. Jioni hula, wakacheza, na kuanzia asubuhi ya pili teksi huanza kuja. Katika nyumba iliyokuwa na makelele ya watu wanane hubaki wawili wakifagia.

Wapo waliokosa hata hayo. Mwezi Machi 2020, Ufaransa ilipofunga shule na vyuo vyote kwa sababu ya maradhi ya korona, masomo yalihamia kwenye intaneti, na wanafunzi wa vyuo vingi duniani wakaachana pasipo kushikana mikono. Wengi walionana mara ya mwisho kwenye kioo cha kompyuta. Asiyepata kuaga hubaki na neno kifuani, na askari aliyewahi kuondoshwa kambini usiku kwa amri ya ghafla ajua neno hilo lina uzito gani.

WALE WASIOKAA DARASANI

Kurasa hizi ni za nyumbani, hivyo haifai kuwasahau wake na waume za wanafunzi. Wengi wao huacha kazi katika nchi zao kumfuata mwenzi kwa miezi kumi. Mwanafunzi huwa na darasa, kundi na mitihani. Mwenzi wake huwa na nyumba ya kijijini, lugha asiyoijua na baridi. Kwa bahati njema, wenzi hao nao hujiundia umoja wao: hufundishana Kifaransa, huangaliana watoto, hupelekana sokoni. Watoto huingia shule ya kijiji na baada ya miezi michache husema Kifaransa kuwashinda wazazi.

Siku ya kuondoka, mwenzi huyo huachana na watu wake vile vile, ingawa hakuna anayemfanyia mahafali. Mama aliyemsaidia mama mwenziwe wakati mtoto ana homa hapati cheti. Mtoto humwacha rafiki yake, na kwa mtoto wa miaka sita maneno ya kwamba mtaandikiana hayana maana. Katika lainini za jeshi na kota za polisi mambo ni hayo hayo. Barua ya uhamisho huandikwa kwa jina la mmoja, lakini hung'oa watu watano. Mwenye barua huagwa kwa sherehe ya mesi. Mkewe huaga peke yake bombani, na watoto hawaulizwi.

MZIGO WA KURUDI NAO

Mhitimu wa chuo kama hicho hutoka na vitu vitatu. Cha kwanza ni shahada. Cha pili, kwa wengi, ni deni: ada ya masomo ya INSEAD siku hizi hupita yuro 100,000, mbali na chakula na pango. Cha tatu ni majina ya watu. Waliohitimu hapo wamezidi 60,000, nao wametapakaa katika nchi nyingi za dunia.

Deni ndilo humvuta kijana mahali penye mshahara mkubwa, na kwao pengine hapana mshahara wa namna hiyo. Hapo kuna vuta nikuvute: je, arudi nyumbani au abaki ughaibuni? Tidjane Thiam wa Kodivaa alihitimu INSEAD mwaka 1988. Alifanya kazi katika kampuni ya washauri wa biashara, kisha mwaka 1994 akarudi kwao kuongoza ofisi ya serikali iliyosimamia ujenzi na mipango ya maendeleo, na baadaye akawa waziri wa mipango. Desemba 1999 serikali ikapinduliwa, naye akaondoka nchini. Mwaka 2009 akawa mkuu wa kampuni ya bima ya Prudential ya Uingereza, mtu mweusi wa kwanza kuongoza kampuni mojawapo katika orodha ya kampuni 100 kubwa za soko la hisa la London. Maisha yake yaonyesha kwamba swali la kurudi halijibiwi mara moja. Mtu aweza kurudi, akaondoka, na miaka mingi baadaye akarudi tena.

Majina ya watu nayo ni mali yenye hatari yake. Tukumbuke mwisho wa kisa cha Napoleon. Alipotoroka Elba na kurudi Ufaransa mwezi Machi 1815, askari waliotumwa kumkamata walimjua, wakashusha bunduki wakajiunga naye. Buriani ya mwaka uliotangulia haikuwa imekata kamba. Lakini uaminifu huo uliwafikisha Waterloo, tarehe 18 Juni 1815, na maelfu wakafa. Urafiki wa darasa ni hivyo hivyo. Waweza kumfungulia mtu mlango wa haki, na waweza kutumiwa kupitisha zabuni mbovu, kuficha wizi, au kumpa kazi asiyestahili kwa kuwa tu mlikula meza moja. Mfanyakazi wa serikali anayepokea simu ya mwanafunzi mwenzake wa zamani amsalimu kwa furaha, amwulize habari za watoto, na kama kuna faili mezani, alipitishe kwa kanuni zile zile za watu wote.

JINSI YA KUAGANA

Si lazima mtu afike Fontainebleau ili kuyapata haya. Mjini Arusha, Tanzania, ipo ESAMI, taasisi ya usimamizi inayomilikiwa na serikali za nchi kadhaa za mashariki na kusini mwa Afrika, zikiwamo Kenya, Uganda na Tanzania. Maafisa wa serikali hizo husoma pamoja hapo, wengine kwa majuma machache tu. Vile vile kozi za jeshi na polisi huwakutanisha watu wa nchi zetu mwaka hata mwaka. Kwa hiyo, ndugu msomaji, yafuatayo yatakufaa uwe mwanafunzi, askari au mama wa nyumbani anayefunga mizigo.

Kwanza, maliza hesabu mapema. Juma moja kabla ya kuondoka, kaeni na daftari, lipeni mliyodaiwa dukani na kwa majirani, rudisheni vyombo vya watu. Deni dogo lililoachwa huua jina kubwa.

Pili, maliza ugomvi. Katika kundi la watu watano hukosi mmoja mliyepishana naye. Nenda kwake mchana, kabla ya siku ya sherehe, useme maneno machache ya kiungwana. Siku ya sherehe kila mtu hucheka, na kicheko hakifuti kitu.

Tatu, andika majina kwa ukamilifu. Simu hupotea, namba hubadilika. Andika katika kitabu cha karatasi jina la mtu, la mkewe au mumewe, la mji alikozaliwa, na la ndugu mmoja anayeweza kumpata. Milima haikutani, binadamu hukutana. Lakini binadamu aliyeandikwa hukutwa upesi zaidi.

Nne, mwache kila mtu aage wa kwake. Mpe mkeo au mumeo nafasi ya kwenda kuwaaga rafiki zake, nawe ukae na watoto. Mpeleke mtoto kwa mwalimu wake ashukuru. Mwalimu huyo hakulipwa ziada kwa kumfundisha mwanao aliyeingia katikati ya mwaka.

Tano, usiahidi kuwaandikia wote. Chagua watatu au wanne, na hao uwaandikie kweli: siku ya Idi au Krismasi, siku ya msiba, siku ya mtoto kuzaliwa. Ahadi iliyotolewa kwa watu mia haimfikii hata mmoja.

Sita, waandalie njia wanaokuja. Wanafunzi wa Fontainebleau huwaachia wageni masufuria na habari za nyumba. Nawe unapotoka kota, acha chumba kimefagiwa na bomba limetengenezwa, umweleze mgeni duka gani huuza unga mzuri na zahanati hufunguliwa saa ngapi. Kuku mgeni hakosi kamba mguuni, na wewe uliyekuwa mgeni jana wajua kamba hiyo hukaza wapi.

Jenerali Doriot alifariki mwaka 1987 akiwa na miaka 87. Vijana aliowataka waketi benchi moja wamekwisha kuwa wazee, na watoto wao wameona Ulaya ambamo Mfaransa na Mjerumani huvuka mpaka pasipo kusimamishwa. Hapana shaka kazi hiyo ilifanywa na mikataba mingi na watu wengi. Lakini sehemu yake moja ilifanywa na watu watano watano, usiku wa manane, wakibishana juu ya hesabu wasiyoielewa, kisha wakaagana kwa adabu na kwenda kila mmoja kwao na jina la mwenziwe mfukoni.